Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama nimeridhika

Majengo, Pumwani
Nairobi

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mkweo huko Kisauni amekutwa na saratani ya tezi dume, bado imo ndani ya tezi haijatoka, na daktari amempa njia tatu achague: kutolewa tezi yote, kupigwa mionzi, au kuachwa kwanza akifuatiliwa kwa vipimo. Naye amekutuma uniulize mimi niliyetolewa: nimeridhika? Ningekubali tena?

Nimeridhika, na ningekubali tena. Lakini usimpelekee jibu hilo peke yake, maana mtu akisikia "ameridhika" hudhani "yuko kama zamani". Mimi siko kama zamani.

Kwanza ajue ni upasuaji gani tunaouzungumzia. Hapa mtaani kila mzee aliyewahi kuwekwa mpira wa mkojo ni mtaalamu wa tezi. Jirani yetu wa mkabala tezi yake ilivimba tu ikamziba mkojo, haikuwa na saratani. Walipitisha chombo kwenye njia ya mkojo wakakwangua palipoziba, tezi ikabaki. Akanijia na maneno yake: "Sheikh, mbona jambo dogo hilo." Kwake dogo. Mimi ilitolewa nzima, pamoja na vifuko vya manii vilivyo nyuma yake, kisha kibofu kikaunganishwa upya na njia ya mkojo. Ni kama nyumba iliyokuwa na milango miwili ya kuzuia mkojo, wa juu ukang'olewa. Sasa ule wa chini unafanya kazi peke yake, na kabla ya kuizoea kazi hiyo, unavuja.

Mpira hukaa wiki moja hadi mbili. Siku unapotolewa unafurahi, halafu unasimama kutoka kitini. Hapo ndipo unapojua. Ukikohoa, tone. Ukicheka, tone. Ukiinua mtungi wa gesi, si tone tena. Niliingia duka la dawa kununua pedi nikasema ni za mgonjwa nyumbani, na msichana wa kaunta, Mungu ambariki, hakuuliza mgonjwa ni nani. Foleni ya Jogoo Road ikawa adhabu. Nilijua vyoo vyote vya kulipia vya mjini kuliko kondakta anavyojua steji. Kahawa chungu ya jioni barazani nikaiacha, kwa kuwa kahawa na chai ya rangi hukichokoza kibofu.

Ila lililonikata zaidi ni sala. Ukienda kliniki utaulizwa unatumia pedi ngapi kwa siku, unaamka mara ngapi usiku. Hakuna aliyeniuliza nasali vipi. Mtu unatawadha, unarukuu, unahisi kitu kimetoka, na safu nzima iko nyuma yako. Niliacha kwenda msikitini, nikasingizia mgongo, na Ramadhani ya kwanza tarawehe nilisali chumbani. Aliyenitoa huko ni ustadhi mmoja niliyemweleza mambo waziwazi. Akaniambia hukumu yake ipo tangu zamani vitabuni: mwenye kutokwa na mkojo bila kuzuia husubiri wakati wa sala uingie, hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha na kusali bila kuchelewa, na kila faradhi hutawadha upya. Kitakachotoka katikati hakimdhuru. Nilirudi msikitini wiki ileile. Mwambie mkweo hili mapema, kabla hajaanza kujificha kama mimi.

Kilichosaidia mwili ni mazoezi ya misuli ile unayoikaza ukitaka kukatiza haja ndogo. Unaikaza, unahesabu, unaiachia, mara kadhaa kwa siku, hata ukiwa kwenye matatu na hakuna anayejua. Ni vizuri kuanza kabla ya upasuaji. Kwa wengi mkojo hutulia kati ya miezi mitatu na mwaka. Mimi nilichukua karibu mwaka, na hadi leo nikipiga chafya kwa nguvu nakumbushwa.

Usidhani nakuelezea bahati yangu peke yangu. Uingereza kuna utafiti unaoitwa ProtecT: wanaume 1,643 wa miaka 50 hadi 69, saratani ikiwa bado ndani ya tezi kama ya mkweo, wakagawanywa kwa kura katika njia hizo tatu. Miezi 6 baada ya kuanza, asilimia 46 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa wakivaa pedi. Baada ya miaka 6 walikuwa asilimia 17. Wa mionzi walikuwa asilimia 4 tu kufikia miaka hiyo 6, ingawa mionzi nayo ina taabu zake za tumbo na haja kubwa. Sasa sikiliza hili: baada ya miaka 15, katika makundi yote matatu, takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Waliofuatiliwa tu, ndiyo, saratani ilisambaa kwa wengi zaidi, kama asilimia 9 dhidi ya 5 kwa waliopasuliwa. Kwa hiyo mkweo asikimbizwe na mtu. Ana nafasi ya kufikiri. Nami naongeza langu: wale walikuwa karibu wote Wazungu, na saratani za wengi wao zilikuwa za polepole. Sisi watu weusi ugonjwa huu hutupata zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo amuulize daktari wake saratani yake yeye ni kali kiasi gani. Yangu haikuwa ya kusubiri. Ndiyo maana nasema ningekubali tena, na ndiyo maana jibu langu huenda lisimfae.

Sasa lile jingine. Najua umeniuliza kwa kuzunguka, na baba na mwana hili haliongeleki kirahisi, lakini umeshaoa, tuongee. Mishipa ya fahamu inayoleta nguvu za kiume hupita imegusana na tezi, huku na huku. Zamani ilikatwa bila mtu kujua, mpaka daktari Patrick Walsh wa Johns Hopkins, Marekani, alipoanza mwaka 1982 kuipasua tezi kwa kuihifadhi mishipa hiyo. Hata ikihifadhiwa, hushtuka, na kupona kwake kwaweza kuchukua miaka miwili. Wengine nguvu hazirudi tena. Katika utafiti uleule wa Uingereza, kabla ya matibabu wanaume 67 kati ya 100 waliweza tendo. Miezi 6 baada ya upasuaji waliobaki ni 12, na baada ya miaka 6 ni 17 tu. Zipo dawa za kurudisha nguvu, sildenafili (ndiyo Viagra) na wenzake, na hospitali huanza kukupa mapema. Asiinunue kwa wenye vipaza sauti huko barabarani, na kama anatumia dawa za moyo za naitreti asiiguse kabisa, presha itaanguka.

Na raha yenyewe bado ipo, ila hakuna kinachotoka tena. Maana yake hakuna mtoto kwa njia ya kawaida. Mkweo ana bi mdogo ambaye bado kijana. Je, wamezungumza? Kama wanataka mtoto mwingine, aulize kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya kisu; baadaye ni vigumu zaidi. Mimi na mama yako yetu tuliyamaliza kwa kuzungumza, tena yeye ndiye aliyeanza. Zaidi ya hapo sitakwambia.

Marekani waliwauliza wanaume zaidi ya 2,000 wenye saratani kama hii, miaka mitano baadaye, kama wanajuta njia waliyochagua, matokeo yakatolewa 2022. Waliopasuliwa, 16 kati ya 100 walijuta. Kilichohusiana zaidi na majuto ni kuona mambo yamekwenda vibaya kuliko walivyotarajia. Hilo naliamini bila kusomewa. Daktari wangu aliniketisha na mama yako, akasema: utavuja, utakuwa baridi kwa muda mrefu, na huenda vyote visirudi sawa. Nilitoka nimenuna. Yalipokuja sikushtuka. Na kuna mzee wa huku, hospitali nyingine, aliambiwa "baada ya mwezi uko sawa". Mwili wake uko vizuri kuliko wangu, lakini ukimkuta ana uchungu hadi leo.

Ninachokipata badala yake ni kipimo cha PSA, kile cha damu kinachopima protini itokayo kwenye tezi. Tezi ikishatolewa, baada ya wiki 6 hadi 8 kinatakiwa kiwe chini kiasi cha kutosomeka. Changu kiko hivyo. Kila nikienda kupima silali vizuri usiku wake, mama yako shahidi, kisha majibu yakija nakula pilau.

Nawe umepita arobaini. Mwenye baba aliyeugua hatari yake ni kama maradufu. Nenda ukatolewe damu, unitumie karatasi ya majibu, usinitumie "niko poa".

Mkweo mpe namba yangu. Anipigie baada ya isha, si kabla, na wewe usiwe hapo kati, kwa sababu kuna maswali atataka kuniuliza ambayo hawezi kuyasema mbele ya mume wa binti yake.

Baba yako