Cygwin: nafasi kwenye jina la folda ndani ya fstab

Ndugu, umeuliza kwa nini folda yenye nafasi katika jina haiungwi kwenye Cygwin (programu ya kuendesha zana za Unix ndani ya Windows). Mstari wako unakatika kwenye nafasi. Katika /etc/fstab, faili la orodha ya folda za kuunganisha, nafasi ndiyo inayotenga safu, kwa hiyo folda ya "Mitihani ya Skuli" iandike hivi:

D:/Mitihani\040ya\040Skuli /mitihani ntfs binary,noacl 0 0

Hiyo \040 ni nafasi kwa namba za oktali (za msingi wa nane). Mwongozo wa Cygwin wenyewe unaitaja. Mikwaju ya njia ya folda iwe /, si \ ya Windows. Kisha funga madirisha yote ya Cygwin pamoja na huduma zake, fungua upya, uandike amri ya mount, inayoorodhesha folda zilizounganishwa, uone kama imo.

Angalia lakini: ukiweka noacl (yaani Cygwin isitumie orodha za ruhusa za Windows), chmod 600, amri ya kumwachia mwenye faili pekee, haishiki, ruhusa zinabaki za kuigiza tu. Funguo za ssh (za kuingilia kompyuta ya mbali) usiziweke humo, hazitalindwa na ruhusa hizo.