Maswali Yenu: Kutoka Gongo Hadi Maikrofoni

SWALI: Bob Uecker, mchezaji wa besiboli wa Marekani, alikuwa na wastani wa kupiga wa .200, lakini alitangaza mechi za timu ya Milwaukee Brewers redioni tangu 1971 hadi 2024. Wastani huo ni mbaya kiasi gani, na ilikuwaje mpigaji dhaifu akadumu hivyo?

JIBU: Ni mbaya. Wastani ni mapigo yaliyofanikiwa kugawanywa kwa zamu zinazohesabika: 146 kwa 731. Zamu ambayo mpigaji anapewa besi (kituo) ya kwanza kwa mipira minne mibovu haimo. Mpigaji wa kawaida huwa karibu na .250.

Lakini Uecker alikuwa mdakaji. Huyo huchuchumaa nyuma ya mpigaji, akiutazama uwanja mzima wakati wenzake wanamtazama yeye, na kwa ishara za vidole hupendekeza mpira upi urushwe. Kwa hiyo anazoea kusoma mchezo kabla mpira haujaondoka mkononi mwa mrushaji, na mtangazaji anahitaji hilo kuliko nguvu za mikono.

La pili ni kujicheka. Mwaka 1967 aliongoza ligi kwa mipira iliyomponyoka, kwani alimdakia mrushaji Phil Niekro, ambaye mpira wake karibu hauzunguki hewani na huyumba ovyo. Dawa yake, alitania, ni kungoja uache kubingirika, kisha uuokote. Utani wa namna hiyo ulimpeleka mara nyingi kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Ford C. Frick, ya watangazaji wa besiboli.

SWALI: Nimeacha kucheza, nataka kutangaza. Nianzie wapi?

JIBU: Na karatasi ya kumbukumbu. Kila nafasi ina namba: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, kati ya pili na tatu 6, kisha 7 hadi 9 uwanja wa nje. Ukiandika 6-4-3, umeshajua mpira ulipita mikononi mwa nani.

Wachezaji wa zamani husahau kutaja matokeo. Wao wanayaona ubaoni, msikilizaji hayaoni. Mtangazaji Red Barber, ambaye hakuwa mchezaji wa ligi, aliweka mbele yake saa ya mchanga ya dakika 3. Ikiisha, anataja matokeo na kuigeuza.

Jirekodi ukitangaza awamu tatu. Kesho yake sikiliza bila kutazama karatasi, usimamishe popote: nani yuko kwenye besi, wangapi wametolewa, matokeo ni ngapi? Usipoweza kujibu, hukuyasema.