Nyasi nyekundu zimekauka katikati

SWALI: Nilipanda Themeda triandra, zile nyasi nyekundu za mbugani, bustanini kwangu Arusha miaka mitatu iliyopita. Sasa mafungu yamekauka katikati ingawa naweka samadi kila msimu. Mbegu nilizokusanya nikazipanda mara moja hazikuota. Nimekosea wapi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Acha samadi kwanza. Nyasi hizi zimezoea udongo usio na rutuba nyingi; ukizilisha, magugu ndiyo yanayonufaika.

Kilichokosekana ni kukatwa. Mbugani huliwa na wanyama na kupitiwa na moto. Zisipoguswa, majani makavu hurundikana, mwanga haufiki kwenye kitako na machipukizi hufa. Kila mwaka mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, zikate kwa mundu zibaki sentimita 10, kisha ondoa makapi yote. Usiyaache hapo kama matandazo.

Mafungu yaliyokwisha kufa katikati yang'oe mvua zikishakolea. Yapasue kwa panga, tupa sehemu kavu, na kila kipande kibaki na machipukizi hai yapatayo matano pamoja na mizizi na udongo wake. Panda kwa nafasi ya sentimita 40, juani kabisa.

Mbegu zako hazijafa, zimelala. Zihifadhi pakavu kwenye mfuko wa karatasi hadi mwaka upite. Zibonyeze: nyingi huwa tupu, chagua ngumu zenye kung'aa. Usikate mikia yake mirefu. Ikilowa hujisokota na kuipenyeza mbegu ardhini.