Maswali yenu: gemu za kutisha zilizokatwa na zilizozuiwa

SWALI: Nimenunua diski ya PS4 ya Resident Evil 4, ile mpya ya 2023, imetumika, kwenye duka moja katikati ya jiji. Kwa binamu yangu, yule jitu wa gunia usoni akimfikia mhusika mkuu, Leon, na msumeno wa injini, kichwa kinakatwa. Kwangu hakikatwi. Diski ni mbovu? – Msomaji, Umoja

JIBU: Diski ni nzima. Hilo ni toleo la Japani, ambako gemu huitwa Biohazard RE:4. Tazama jina kwenye diski, kisha kona ya chini kushoto ya kava. Capcom, kampuni iliyoitengeneza, ilitoa matoleo mawili kule: moja lina herufi D ya rangi ya machungwa, la miaka 17 na zaidi, na jingine Z nyekundu, la miaka 18 na zaidi. Rangi hiyo hurudiwa kwenye mgongo wa kasha.

Z ina damu zaidi, lakini usitarajie ilingane na ya Ulaya. CERO, bodi inayopanga madaraja Japani, ina mipaka ambayo hata Z haiivuki. Ndiyo maana gemu nyingine ya kutisha, The Callisto Protocol, haikutoka huko mwaka 2022: isingepita bila kukatwa, na watengenezaji hawakukubali kuikata.

Usimalize bando ukitafuta sasisho. Halirudishi kilichoondolewa, na kubadilisha akaunti hakusaidii. PS4 husoma diski ya nchi yoyote, ila nyongeza, yaani sehemu za gemu zinazonunuliwa kando, kama Separate Ways, lazima itoke duka la eneo la diski yenyewe. Ukiinunua kwa akaunti ya Uingereza huku diski ni ya Japani, pesa zitakatwa na nyongeza isifunguke. Hapo ndipo wengi huumia. Rudi dukani ubadilishiwe: omba yenye daraja la Ulaya, PEGI 18, au M ya Marekani. Muuzaji akisema “inacheza popote”, ni kweli, lakini hilo silo uliloliuliza. Alipaswa kukuonyesha kava kabla hujalipa.

SWALI: Gemu ya Devotion siioni kwenye duka la mtandaoni la Steam. Imepigwa marufuku dunia nzima? – Msomaji, South B

JIBU: Hapana. Red Candle Games ya Taiwan iliitoa Februari 2019. Siku chache baadaye wachezaji wakaona hirizi ya karatasi ukutani mwa nyumba ya kwenye gemu, yenye maandishi ya kumfananisha Rais Xi Jinping na Winnie the Pooh, dubu wa katuni. Wachezaji wa China wakaishambulia kwa tathmini mbaya, na studio ikaiondoa sokoni yenyewe. Desemba 2020 GOG, duka jingine la mtandaoni, ilitangaza kuiuza, ikaghairi siku hiyo hiyo. Kwetu hilo ni baya kuliko kukatwa, kwa sababu hakuna bodi ya kukatia rufaa.

Tangu Machi 2021 inauzwa kwenye tovuti ya studio, kwa Windows na Mac. Faili halina kufuli la kuzuia kunakili, kwa hiyo ukishalipakua weka nakala kwenye flashi. Ile hirizi ilishabadilishwa. Nyumba yote iliyobaki utaikuta kama ilivyokuwa.