Swali la lugha: Mashimo meusi "yameungana"?

SWALI: Mwalimu, nimekuta sentensi hii katika habari kuhusu NGC 7727, galaksi (mkusanyiko mkubwa wa nyota na gesi) inayotokana na galaksi mbili kuungana: "Galaksi mbili zimegongana na mashimo meusi pacha yao yameungana." Mwenzangu haoni tatizo. Mimi inanikwaruza masikio, ila nashindwa kueleza kwa nini.

JIBU: Masikio yako ni mazima. Kasoro kubwa imo katika "yameungana". Kiambishi -me- hutuarifu kwamba tendo limetimia, ilhali mashimo hayo (vitu vizito mno ambavyo hata mwanga hauponyoki mvutano wake), yaliyotangazwa mwaka 2021 baada ya kupimwa kwa darubini kubwa ya VLT iliyoko Chile, bado yametenganishwa na takribani miakanuru 1,600, yaani umbali ambao mwanga husafiri kwa miaka 1,600. Yanakadiriwa kuungana ndani ya miaka milioni 250 ijayo. Kwa hiyo yanakaribiana. Mwandishi ameyaozesha kabla ya posa.

Kuhusu galaksi, "kugongana" si kosa, lakini humfanya msomaji aone vitu vigumu vikivunjana. Nyota zimeachana mno, hivyo hupishana tu bila kugusana. Gesi ndiyo inayogongana kwelikweli. Mimi ningeandika "zinaungana".

Mashimo yenyewe yana kitenzi kinachoyafaa sana, nacho waandishi wa sayansi hukisahau: kuzungukana. Ukisema "yanazunguka", msomaji hajui kama kila shimo linajizungusha lenyewe (na hilo nalo hutokea) au linalizunguka jingine. Kauli ya kutendana inaondoa utata wote. Mvutano wa nyota na gesi zilizo jirani hupunguza mwendo wa mashimo hayo, yakazama kuelekea kiini cha galaksi mpya na kuanza kuzungukana. Yakishakaribiana mno, mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga-wakati yenyewe, huyapokonya nishati iliyobaki, na mzunguko huzidi kubana mpaka yagusane. Hapo tu ndipo "yameungana" litasimama. Lilisimama mwaka 2015, mitambo ya LIGO ya Marekani, inayopima mawimbi hayo, iliponasa mawimbi ya mashimo mawili, moja lenye tungamo (wingi wa maada) la majua kama 36 na jingine 29, yakawa moja la majua 62 hivi. Lakini hayo ni madogo. Muungano wa yale makubwa, ya mamilioni au mabilioni ya majua, bado haujanaswa na chombo chochote moja kwa moja.

"Pacha" nalo silipendi hapa. Mapacha huzaliwa pamoja, na haya kila moja lilikulia katika galaksi yake. Wala hayalingani: moja la NGC 7727 lina tungamo la majua karibu milioni 154, la pili milioni 6 na kidogo. "Jozi" inatosha, au "mawili" tu.

Na "yao"? Sarufi sanifu hupendelea "yake" kwa mmiliki asiye na uhai, hata akiwa wingi. "Yao" imeenea, sitaipigia kelele. Ningehariri hivi: "Galaksi mbili zinaungana, na mashimo meusi makubwa yaliyokuwa katika viini vyake yanakaribiana."