Boti imepauka? Kabla hujakimbilia rangi, ipe kwanza maji

Pitisha kiganja ubavuni mwa boti ya faiba iliyokaa juani miaka mingi, kitarudi na unga mweupe kama umefuta ubao wa chaki. Yangu ilikuwa hivyo. Ilitoka kiwandani ikiwa bluu ya kukolea, nilipoipata mimi imeshakuwa bluu ya majivu, na kila aliyepita aliniambia neno hilohilo, hiyo piga rangi tu. Nikakaribia kabisa kununua rangi, ndo siku moja nikawa naisafisha, nikamwagia ndoo ya maji ubavuni na ile bluu ya zamani ikarudi palepale mbele ya macho yangu, ikakaa hivyo mpaka maji yalipokauka kisha ikapotea tena. Nikajua hii ngozi bado ipo, imechoka juu juu tu.

Sasa hicho ndo kipimo changu cha kwanza na namwambia kila mwenye boti ya zamani akifanye kabla ya kutoa hela. Ule unga ni jelkoti yenyewe, yaani lile tabaka la juu la rangi linalopakwa kwenye moldi (umbo la kutengenezea boti) kabla faiba haijawekwa. Jua linaivunja taratibu, uso unakuwa na vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukigonga hapo unatawanyika badala ya kurudi sawasawa ndo maana unaona weupe. Maji yakijaza vile vishimo uso unakuwa laini kwa muda na rangi inaonekana. Kwa hiyo ikirudi ukilowesha, unaweza kuiokoa kwa kusugua na kupolishi. Isiporudi, au ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, au sehemu faiba imeshaanza kuchungulia, hapo polishi haitakusaidia.

Kipimo cha pili ni cha kujua kama ni jelkoti kweli au kuna mtu alishawahi kupaka rangi juu, maana boti ya zamani imepita mikono mingi. Chukua kitambaa chenye asetoni, sugua kona iliyojificha. Rangi ya kawaida, ile isiyochanganywa na hadina (dawa ya kugandisha), italainika na kuachia kwenye kitambaa. Ya kuchanganya haiachii, na jelkoti nayo ukisugua haraka haraka haiachii, kwa hiyo angalia pia sehemu iliyobanduka au kukwaruzika kama unaona matabaka mawili. Hili usilidharau kwa sababu rangi ni nyembamba sana kuliko jelkoti, msasa unaifuta mara moja.

Na jelkoti nayo siyo nene kama watu wanavyodhani. Ikiwa mpya ni kama nusu milimita, kadi ya benki ni nene kuliko hapo. Kila ukisugua unapunguza na hairudi, na wewe hujui wenye boti waliopita walishasugua mara ngapi. Ndo maana msimamo wangu ni anza na dawa dhaifu kuliko zote, ikishindwa ndo upande ngazi.

Mimi nilianza kwa kuosha na sabuni, nikaacha ikauke, halafu nikatoa nta ya zamani kwa vitambaa viwili, kimoja kina dawa ya kuyeyusha nta na kingine kikavu kinafuata nyuma kabla haijakauka. Ukiruka hatua hii nta inaziba msasa na unasambaza uchafu tu. Kisha nikachagua mraba wa futi moja pale palipopauka kuliko pote nikajaribu kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia, peke yake. Upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, ulikubali vizuri kabisa bila msasa hata kidogo. Ubavu uliokuwa unapigwa na jua la mchana ukagoma, unang'aa kidogo kesho yake umepauka tena, hapo nikakubali kwamba msasa wa maji hauepukiki.

Namba za msasa nilizotumia (namba ikiwa kubwa msasa ni laini zaidi) ni 1000, ikafuata 1500, nikamaliza na 2000, sehemu mbili tatu mbaya ndo nilianza na 800. Ndoo ya maji na tone la sabuni, msasa umezungushiwa kwenye kipande cha sponji ngumu, maana ukisugua na vidole vitupu unachimba mifereji utakayokuja kuiona ikishang'aa. Kila ukibadilisha namba badilisha na mwelekeo, kama 1000 ulikwenda kwa ulalo 1500 nenda wima, ili uone mikwaruzo ya mwanzo imeisha au bado. Usiharakishe hapa ndugu yangu, mashine haiwezi kufuta mkwaruzo ulioachwa na msasa wa namba ndogo, utarudi nyuma tu.

Kosa lililoniuma ni la kona ya omo, yaani mbele ya boti. Kwenye kingo jelkoti ni nyembamba na mkono unakandamiza pale bila kujua, nikasugua nikaona rangi inabadilika, ghafla faiba hii hapa. Ilibidi nichanganye jelkoti na hadina nizibe, na mpaka leo kile kiraka ukisimama karibu unakiona kwa sababu bluu mpya na bluu iliyoona jua miaka yote hazifanani. Tangu siku hiyo kingo zote naweka tepu ya karatasi tabaka mbili kabla ya kuwasha kitu chochote, mwishoni natoa tepu na kuzimalizia kwa mkono.

Kwenye mashine, kama hujawahi kushika chukua ile inayozunguka huku inayumba, inakwenda polepole lakini haichomi kirahisi. Ile inayozunguka moja kwa moja inakata haraka, ila mwendo uwe mdogo, mizunguko kama 1200 mpaka 1500 kwa dakika, pedi ya sufu na kompaundi kwanza, baadaye pedi ya sponji na polishi. Isisimame sehemu moja hata sekunde chache. Mi kila baada ya muda nagusa kwa nyuma ya kiganja, pakiwa pa moto nahama. Fanya kivulini, juani kompaundi inakauka kabla haijafanya kazi. Waya wa umeme upitishe begani usiburuzike kwenye maji ya msasa, na vaa barakoa na miwani.

Ukikuta jelkoti imeisha kabisa basi paka rangi, hakuna aibu. Ila ile rangi ya kuchanganya na hadina usiipulizie nyumbani, ukungu wake una kemikali zinazoharibu mapafu, kazi hiyo inataka vifaa maalumu vya hewa. Tumia rola, mwenzako afuate nyuma na brashi laini kulainisha, na bado vaa barakoa yenye filta za mvuke na fanyia penye hewa. Rangi ya chini ya maji, ile yenye sumu ya kuzuia viumbe visijibandike, usiisugue kavu kabisa, vumbi lake siyo la kuvuta.

Halafu nta, na ipakwe siku ileile uliyomaliza polishi, tabaka mbili. Uso uliosuguliwa ukiachwa uchi jua linaanza upya, na rangi za kukolea kama bluu na nyekundu ndo zinaonyesha mapema. Mi yangu inalala nje kwa hiyo narudia kila miezi mitatu au minne, na kati ya hapo naangalia tu maji, yakiwa bado yanajikusanya matone ya duara ubavuni naiacha, yakianza kutandaa bapa natoa kopo la nta.