Chumvi na Sukari kwa Mtoto Anayeharisha: Kipimo Kisichezewe

Mwanangu wa kwanza alipoanza kuharisha, hapa kwetu Wete wakati wa masika, nilimkorogea maji ya chumvi na sukari kwa kukisia, na nilipoona anayatema nikaongeza sukari hata yakawa kama sharubati. Kufika alasiri alikuwa akiharisha kuliko asubuhi. Muuguzi aliyetupokea alinieleza sababu yake, nami tangu siku hiyo sikisii tena.

Maji huingia mwilini kwa kufuata upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka, jambo liitwalo osmosisi. Kwa hiyo ili seli za utumbo zipitishe maji, ni lazima kwanza zipitishe chumvi na sukari, ambazo haziwezi kupenya zenyewe utando wa mafuta unaoizunguka seli. Hupita kwenye protini iliyo kama mlango, nayo huchukua chembe 2 za sodiamu, iliyomo katika chumvi, pamoja na chembe 1 ya glukosi, iliyomo katika sukari, wala haiipokei glukosi peke yake. Mwanabiokemia Robert Crane ndiye aliyeueleza ushirika huo, mwaka 1960. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotumia nishati kutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, na kwa kuwa sodiamu hupungua ndani ya seli, ile ya utumboni huendelea kuingia na kuivuta glukosi pamoja nayo. La kushukuriwa ni kwamba hata kipindupindu, kinachomwaga maji kwa wingi kiasi kile, hakiufungi mlango huo.

Sukari ikizidi, ile inayobaki utumboni huyavuta maji kutoka mwilini, na hayo ndiyo yaliyompata mwanangu. Chumvi ikizidi ni hatari kubwa zaidi kwa mtoto mchanga.

Basi weka nyumbani pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari uliokwisha kupimwa, na uchanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa, bila kuongeza kitu. Pakiti ikikosekana, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee, na usimwachishe ziwa. Yakipita saa 24, yamwage. Dafu, tunalolikimbilia sana huku Pemba, lina potasiamu nyingi na sodiamu chache, hivyo halishiki nafasi ya maji haya. Ukiona macho yamebonyea, choo kina damu, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, huku ukimnywesha njiani iwapo anaweza kumeza.